Shafti ya feni inakatikia begani ingawa mkazo ni mdogo: tatizo ni chuma?

Kipimo_Sahihi ameuliza:

Wakuu, naomba msaada kwa wanaojua uchovu wa metali (chuma kupasuka taratibu kwa mzigo unaojirudia).

Kuna feni kubwa ya hewa ya 15 kW, inaendeshwa kwa mikanda ya V, shafti inazunguka 1450 kwa dakika. Puli inaning'inia nje ya beringi: kutoka katikati ya beringi hadi katikati ya puli ni mm 120. Puli ni ya kipenyo cha mm 160. Beringi ni ya namba 6208 (tundu la mm 40), kwa hiyo shafti ina mm 40 pale inapokaa beringi, kisha inapanda bega hadi mm 50 upande wa ndani. Kona ya bega ina rediasi ya mm 0.5. Mvuto wa mikanda kwenye shafti, baada ya kupima, ni kama N 5000.

Shafti ya kwanza ilikuwa C45 ya kawaida (chuma cha kaboni), nguvu ya kukatika MPa 620 (MPa 1 ni N 1 kwa kila milimita ya mraba). Ilivunjika begani baada ya wiki 5, saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Ikatengenezwa ya pili kwa 42CrMo4 (chuma cha aloi chenye nguvu zaidi) iliyopashwa moto, ikapozwa ghafla na kupashwa tena kidogo, MPa 1000. Hiyo ilidumu siku 9 tu za kazi.

Hesabu ya kupinda inatoa MPa 95 hivi begani. C45 haianzi kunyumbuka kwa kudumu, yaani bila kurudi umbo lake, hadi karibu MPa 340. Tumebaki na zaidi ya mara 3. Chuma bora zaidi ni kipi hapa? Au wauzaji wanatoa chuma kisicho cha daraja lake?

---

Mkerezaji_Mkuu amejibu:

Kabla ya kumlaumu muuzaji, hesabu mizunguko. 1450 × 60 × 8 ni mizunguko 696,000 kwa siku. Siku 30 za kazi ni karibu milioni 21. Mkanda unavuta upande mmoja usiobadilika huku shafti ikizunguka, kwa hiyo kila nukta ya ngozi ya shafti inavutwa na kubanwa mara moja kwa kila mzunguko. Ile MPa 95 yako ni +95 na −95 mara milioni 21. Kulinganisha hiyo na MPa 340 ni kutumia rula isiyohusika. Kikomo cha kunyumbuka kinajibu swali la mzigo unaowekwa mara moja. Hapa unatakiwa kujua kikomo cha uchovu, yaani mkazo ambao chini yake chuma hakivunjiki hata kikizunguka mara nyingi sana.

Kwa vyuma vya kawaida, kipande kidogo kilichong'arishwa kwenye maabara kina kikomo cha uchovu karibu nusu ya nguvu ya kukatika. Kwa C45 yako hiyo ni MPa 310. Lakini shafti yako si kipande cha maabara, kwa hiyo punguza:

- Uso uliokerezwa badala ya kung'arishwa: zidisha kwa 0.82.
- Kipenyo cha mm 40 badala ya kile cha maabara cha mm 7 au 8: zidisha kwa 0.84.

Unabaki na MPa 212 hivi. Huo ni wastani, maana yake nusu ya shafti za aina hiyo zingevunjika chini ya hapo. Ukitaka 99 kati ya 100 zipone, zidisha tena kwa 0.814, upate 173.

Sasa upande wa mzigo. Kona ya mm 0.5 kwenye shafti ya 40 inayopanda hadi 50 inakusanya mkazo mara 2.6 kwa jiometri peke yake. C45 haihisi mkato (hiyo kona kali) wote, inahisi kama theluthi mbili yake kwa rediasi ndogo namna hiyo: 1 + 0.67 × 1.6 = 2.07. Zidisha 95.5 kwa 2.07 upate MPa 198.

Unaona 198 imekaa wapi? Katikati ya 173 na 212, ndani kabisa ya eneo la bahati nasibu. Shafti moja ingedumu miaka, nyingine wiki 5. Ongeza mishtuko ya kuwasha na kuzima, na wiki 5 hazishangazi hata kidogo. Nyufa za uchovu hazihitaji chuma kibovu.

Mkazo wa kusokota usikusumbue, 15 kW kwa mwendo huo ni Nm 99, sawa na MPa 8 na haubadiliki kila mzunguko.

Lakini kwa 42CrMo4 hesabu hiyohiyo inakataa. Nusu ya 1000 ni 500, uso uliokerezwa unaiumiza zaidi (0.72), ukubwa 0.84, wastani 302. Chuma kigumu pia kinahisi mkato zaidi, kwa hiyo mkazo wa pale konani ni kama 216. Hapo ilipaswa kuwa na akiba (kikomo ukigawanya kwa mkazo) ya 1.4. Nguvu imepanda kwa asilimia 61, akiba kwa asilimia 31 tu, lakini imepanda. Haikupaswa kufa kwa siku 9. Kuna kitu hujatuambia kuhusu shafti ya pili. Na tupe sura ya mivunjiko yote miwili.

---

Kipimo_Sahihi:

Asante sana mkuu, nimekuelewa. Sura ni hizi.

Ya kwanza: ukingo wote una vidaraja vidogo vidogo kuzunguka duara, kisha eneo laini lenye mistari ya mviringo kama pete za mti, na karibu na katikati kuna eneo dogo lenye chembe mbaya, kama moja ya tano ya uso wote.

Ya pili: ufa umeanza sehemu moja tu, upande mmoja, na eneo baya ni kubwa kidogo kuliko la kwanza.

Kuhusu shafti ya pili: wakati wa kukereza, kikalio cha beringi kilipungua kwa mm 0.15. Kilijazwa kwa weldi, kijiti cha kawaida cha 6013, kikakerezwa tena hadi 40. Haikupashwa moto kabla. Beringi iliingia vizuri kabisa.

---

Mkerezaji_Mkuu:

Basi hapo ndipo shafti ya pili ilipofia.

42CrMo4 ina kaboni asilimia 0.42 pamoja na kromiamu na molibdeni. Ukijumlisha kwa kanuni ya kaboni linganifu unapata karibu 0.8, wakati chuma cha kuchomelewa bila wasiwasi kiko chini ya 0.4. Weldi ikipita juu ya shafti baridi, chuma kinene cha chini kinanyonya joto kwa kasi ileile ya kuzimwa kwenye mafuta. Ukanda mwembamba chini ya weldi unageuka kuwa mgumu na mkavu, ugumu unaweza kupita 500 HV (kipimo cha ugumu cha Vickers). Wachomeleaji wa kazi nzito huogopa wakiona 350. Juu ya hapo:

Kijiti cha 6013 kinaingiza haidrojeni, na haidrojeni ndani ya ukanda mgumu hupasua chuma saa au siku kadhaa baada ya kazi kupoa. Unapokagua mara tu baada ya kuchomelea huoni kitu.

Weldi ikipoa inajikunja, shafti inaikatalia, kwa hiyo ngozi inabaki imevutwa hata feni ikiwa imezimwa. Mvutano huo unajumlishwa na ule wa kupinda kila mzunguko.

Na pale weldi inapoishia huwa kuna mkato mdogo, mara nyingi karibu na bega, penye mkazo mkubwa kuliko kote.

Ndiyo maana ufa wa pili ulianza sehemu moja: ulikuwepo tayari siku ya kufunga beringi. Siku 9 ni mizunguko milioni 6.3, karibu yote ilitumika kuukuza, si kuuzaa.

Kwa shafti inayopinda huku ikizunguka, usijaze kikalio kwa weldi. Kikipungua, kereza shafti nyingine. Najua inauma kutupa kipande kwa mm 0.15, ila hapa haina mjadala.

---

Ufa_Hauongopi amejibu:

Naunga mkono, nami niongeze kuhusu kusoma uso wa mvunjiko maana watu wengi hutupa vipande kabla hata havijapoa.

Vidaraja vya ukingoni kwenye shafti ya kwanza ni alama ya nyufa nyingi zilizoanza kwa wakati mmoja kuzunguka duara, kila moja kwenye kimo chake, kisha zikaungana. Hiyo hutokea pale kona kali inapozunguka shafti yote na mzigo umesimama huku shafti ikizunguka. Yaani mkanda. Kama tatizo lingekuwa feni kukosa mizani, nguvu ingezunguka pamoja na shafti, upande uleule ungevutwa muda wote, na ufa ungeanzia upande mmoja. Kwa hiyo kwenye shafti ya kwanza usipoteze siku nzima kusawazisha feni.

Eneo baya la katikati ni chuma kilichobaki siku ya mwisho. Moja ya tano tu inamaanisha asilimia 80 ya shafti ilikuwa imeshapasuka na bado inabeba mzigo. Hiyo ni saini ya mkazo mdogo wa jumla na mkato mkali. Ingekuwa mzigo ni mkubwa kupita kiasi, eneo baya lingekuwa zaidi ya nusu. Uso wako wenyewe unathibitisha hesabu ya mkuu hapo juu.

Usivisuguanishe vipande viwili ili kuona kama vinaingiana! Watu wote hufanya hivyo na wanafuta ushahidi. Paka mafuta mepesi, funga kila kimoja peke yake.

Angalia pia kikalio cha beringi. Ukiona unga wa kahawia mwekundu kama kutu kavu, beringi ilikuwa inacheza kidogo kidogo kwenye shafti, mikroni chache kila mzunguko. Mchezo huo unachimba vidonda na unaweza kushusha kikomo cha uchovu hadi nusu au chini zaidi, bila kujali umetumia chuma gani. Ekseli za reli zimekuwa zikivunjika ndani ya kikalio cha gurudumu kwa sababu hiyo tangu enzi za August Wöhler, aliyefanya majaribio ya ekseli kule Prussia miaka ya 1850 na 1860.

---

Mikanda_na_Puli amejibu:

Jamani, mmejadili kona na weldi vizuri, lakini hakuna aliyeigusa ile N 5000.

15 kW kwa 1450 ni Nm 99. Gawanya kwa nusu kipenyo cha puli, m 0.08, upate N 1235 ya kuvuta kazi. Mikanda ya V iliyokazwa sawasawa inaibebesha shafti mara 1.5 hadi 2 ya hiyo, tuseme N 1900 hadi 2500. Wewe una 5000. Mikanda imekazwa mara mbili ya inavyohitajika.

Uchovu ni mkali sana kwenye mkazo. Shusha mvuto hadi N 2500 na momenti ya kupinda inakuwa Nm 300, mkazo wa jumla 47.7, mkazo wa pale konani 99. Kwa C45 ileile, kona ileile ya 0.5, kikomo ni 173. Akiba ya 1.75. Yaani shafti ya kwanza ingeishi bila kubadili chochote isipokuwa boliti za kukaza mota.

Kwa nini watu hukaza kupita kiasi? Mkanda unateleza wakati wa kuwasha, unapiga kelele, fundi anakaza. Kelele zinaisha na kila mtu anafurahi. Chanzo halisi huwa ni mifereji ya puli iliyolika: mkanda unagusa chini badala ya kubana pembeni. Mkanda wa V ukikaa na kung'aa chini ya mfereji, puli ni ya kubadilishwa. Chanzo kingine ni kuchanganya mikanda mipya na ya zamani, ile mipya inabeba mzigo wote. Badilisha seti nzima.

Baada ya kufunga mikanda mipya kaza, endesha nusu saa mpaka saa moja, zima, pima tena. Mikanda mipya hulegea haraka mwanzoni, na hapo ndipo wengine hukaza zaidi "ili isilegee tena". Pima kwa kipimo cha mtetemo wa mkanda au kwa kusukuma katikati ya urefu na kusoma nguvu. Usipime kwa kidole gumba.

---

Kipimo_Sahihi:

Nimekagua puli: mifereji miwili kati ya minne inang'aa chini. Asante, hilo sikulitazama kabisa.

Maswali mawili. Je, nikilegeza mikanda naweza kurudisha ile C45 nyingine iliyofanya kazi mwezi mmoja na haijavunjika? Na kwenye shafti mpya, naweza kuongeza rediasi ya kona? 6208 haitakaa vizuri.

---

Mkerezaji_Mkuu:

La kwanza: hapana. Ilizunguka milioni 20 juu au karibu ya kikomo, na uharibifu wa uchovu haurudi nyuma ukipunguza mzigo. Ufa mdogo uliokwisha kuanza pale konani unaweza kuendelea hata chini ya kikomo cha shafti mpya.

Kama unalazimika kuitumia kwa muda, isafishe bega kwa kiyeyusho, paka rangi nyekundu ya kupenya, subiri dakika 10 hadi 20, futa kwa kitambaa chenye kiyeyusho (usimwagie moja kwa moja, utaosha rangi iliyo ndani ya ufa), kisha nyunyiza unga mweupe. Mstari mwekundu wowote kuzunguka bega ni mwisho wa shafti hiyo. Na usidhani ukaguzi wa kila wiki utakulinda. Ufa ukishakuwa na kina cha kutosha, kwenye chuma cha aina hii unaweza kutambaa milimita 0.00001 kwa mzunguko. Inaonekana si kitu, lakini feni yako inazunguka mara 87,000 kwa saa, kwa hiyo ni karibu mm 1 kila saa. Kati ya Jumatatu na Jumanne umemaliza shafti.

La pili: ndiyo, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. 6208 ina kona ya mm 1.1 kwenye pete ya ndani, kwa hiyo rediasi ya shafti haiwezi kupita mm 1, la sivyo beringi itakalia kwenye kona badala ya kulalia bega. Dawa ni pete ya kati:

Sogeza bega mm 8 ndani, kata kona kwa rediasi ya mm 3. Tengeneza pete ya unene wa mm 8, tundu mm 40, nje mm 50. Upande wa bega, tundu la pete liwe na mwinuko wa nyuzi 45 wa mm 3.5 ili lisiguse rediasi. Nyuso zote mbili za pete zisagwe ziwe sambamba, maana zikipinda beringi nayo inapinda. Beringi inalalia pete, pete inalalia bega. 6208 inahitaji bega la angalau mm 47, hapo una 50, inatosha.

Kwa rediasi ya 3, mkusanyiko wa mkazo kwenye C45 unashuka kutoka 2.07 hadi 1.61. Pamoja na mvuto wa N 2500, mkazo wa konani ni 77 na akiba ni 2.25. C45, chuma cha kawaida kabisa. Kuna nafasi ya kusogeza puli kutoka mm 120 hadi 80? Isogeze, momenti inapungua kwa theluthi bure.

---

Ufa_Hauongopi:

Nyongeza kwa atakayekereza hiyo kona. Tumia kisu chenye pua ya mm 3 au kisu cha umbo, usiikate kwa kisu chenye ncha halafu ukaipendezesha kwa tupa. Tupa inaacha mikwaruzo inayozunguka shafti, na mkwaruzo unaozunguka ni ufa uliokwisha kuchorwa. Maliza kwa msasa mwembamba, na kiharusi cha mwisho kiende kwa urefu wa shafti, si kuzunguka. Ukimaliza pitisha ukucha: ukinasa, bado.

Usigonge nambari ya shafti kwa patasi karibu na bega. Gonga kwenye ncha ya mwisho ya shafti, pasipo na mkazo.

Mfereji wa kii wa puli uishie kabla ya kikalio cha beringi. Uliokatwa kwa kisu cha diski, unaopanda taratibu mwishoni, una afadhali kwa kupinda kuliko ule wa kisu cha kidole wenye ukuta wima.

Kwenye tofauti ya vyuma kuna jambo moja zaidi. Kanuni ya nusu ya nguvu ya kukatika inakoma karibu na MPa 1400, juu ya hapo kikomo hakipandi, kinabaki kama 700, kwa sababu nyufa zinaanza kwenye chembe za uchafu ndani ya chuma chenyewe. Kwa hiyo kukimbilia chuma kigumu zaidi na zaidi hakuna mwisho mzuri.

---

Mgeni_wa_Karakana ameuliza:

Samahani kuingilia. Na shafti nyepesi ya alumini ya 7075? Nguvu yake ya kukatika ni karibu MPa 570, inakaribia C45.

---

Mkerezaji_Mkuu:

Kwa kazi hii, hapana. Alumini haina kikomo cha kweli cha uchovu. Mkazo inaoweza kuuhimili unaendelea kushuka kadiri mizunguko inavyoongezeka, ndiyo maana majedwali hutoa nguvu yake kwa mizunguko milioni 500, na kwa 7075-T6 ni karibu MPa 160 kwa kipande cha maabara, wakati C45 iko kwenye 310. Feni yako inafika milioni 500 ndani ya siku 720 za saa 8. Alumini hutumika pale sehemu inapohesabiwa umri na kubadilishwa kabla haujaisha, kama kwenye ndege.

---

Kipimo_Sahihi:

Nimewaelewa. Ninaagiza puli mpya nne-mfereji na seti kamili ya mikanda, shafti ya C45 yenye rediasi ya 3 na pete ya mm 8, puli inasogea hadi mm 85 (80 haiingii kwa sababu ya kifuniko). Nikikaza nitalenga N 2300.

---

Mikanda_na_Puli:

Sawa. Kwa N 2300 na mm 85 momenti ni Nm 195 tu. Rudia kupima mvuto baada ya saa ya kwanza, kisha baada ya siku mbili, na uandike namba hizo ndani ya kifuniko cha mikanda kwa kalamu ya rangi ili zamu inayofuata isikaze kwa kubahatisha.